Kompyuta Inapozimika Katikati ya Gemu

Suala la kompyuta kuzimika katikati ya gemu linastahili ukumbi na kipaza sauti. Wapo wanaoliona ni jambo la watoto. Si la watoto hata kidogo. Kompyuta inayocheza gemu nzito ndiyo hiyo hiyo inayohariri video za harusi, inayochora ramani za nyumba, na inayomlisha mwenye chumba cha gemu pamoja na wanawe. Ikizimika kila baada ya dakika chache, kuna mtu anapoteza kipato.

Kusudi la mhadhara huu ni kueleza namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu pale ambapo kompyuta ilikuwa nzima, ikabadilishwa kifaa, iwe kadi ya michoro, prosesa, RAM au pawa saplai, kisha ikaanza kuganda, kujizima au kuonyesha skrini ya bluu mara tu gemu inapokolea. Dai lake ni kwamba ujumbe wa kosa huonyesha mahali hitilafu ilipojitokeza, na mara nyingi sana hapo sipo ilipoanzia. Anayenunua kifaa kwa kufuata ujumbe peke yake, uwezekano ni mkubwa atanunua tena wiki ijayo.

Zahanati zetu zimetufundisha kwamba si kila homa ni malaria: damu hupimwa kwanza, dawa hufuata. Utaratibu huo ndio unaohitajika kwenye meza ya fundi wa kompyuta, na bado haujaenea vya kutosha.

Kabla ya hoja zenyewe, lipo swali ambalo wateja huuliza kila siku: mbona filamu inacheza vizuri, mbona kuandika barua hakuna shida, iweje gemu tu? Jibu ni kwamba filamu na barua huigusa kompyuta kwa ncha za vidole. Gemu huibana yote kwa pamoja: prosesa inahesabu, kadi ya michoro inachora, RAM inapokea na kutoa data bila kupumzika, diski inasoma, pawa saplai inahimili vyote hivyo, na mzigo unapanda na kushuka mara nyingi ndani ya sekunde moja. Udhaifu uliokuwa umejificha kwa miezi hujitokeza hapo. Gemu haikuuleta, iliufichua.

Hoja ya 1: Ujumbe wa kosa si hukumu

Mfano mkubwa kuliko mingine yote wa miaka ya karibuni unatoka kwa Intel. Oktoba 2022 kampuni hiyo ilianza kuuza prosesa zake za kizazi cha 13, na Oktoba 2023 zikafuata za kizazi cha 14. Zilikuwa na kasi kubwa, na wachezaji wengi walizifunga pamoja na kadi mpya za michoro. Kufikia mwanzoni mwa 2024 malalamiko yalikuwa yamejaa kila upande: gemu zilizojengwa kwa Unreal Engine zilikuwa zinakufa wakati wa kufunguka, na ujumbe uliotokea kwenye skrini ulisema kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro imekwisha.

Imekwisha vipi? Baadhi ya waliopata ujumbe huo walikuwa na RTX 4090, kadi yenye kumbukumbu ya GB 24, na gemu ilikuwa haijafika hata kwenye menyu.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kujua gemu inafanya nini inapofunguka. Gemu kubwa huhifadhiwa kwenye diski ikiwa imebanwa ili isichukue nafasi nyingi. Prosesa ndiyo inayoifungua data hiyo, na ndiyo pia inayotayarisha programu ndogondogo ambazo kadi ya michoro itazitumia kuchora mwanga, vivuli na maji. Ni kazi nzito inayozipa viini vyote vya prosesa mzigo kwa wakati mmoja. Prosesa ikikosea hesabu moja tu, data inayotoka ni mbovu. Kadi ya michoro inapokabidhiwa data hiyo inashindwa kuitumia, na gemu, ambayo haijui lolote kuhusu kosa la mwanzo, inaandika sababu iliyo karibu nayo. Mchezaji anasoma neno kadi, anaiondoa kadi, anarudi dukani.

Watengenezaji wa Oodle, teknolojia ya kubana data inayotumika kwenye gemu nyingi, walitoa maelezo wakisema kwamba makosa hayo yanatokana na prosesa, wala si programu yao. Aprili 2024 Nvidia, waundaji wa kadi za RTX, nayo ikawaelekeza wenye prosesa hizo waende kwa Intel. Kampuni ya Alderon Games, inayotengeneza gemu ya Path of Titans, ilitangaza Julai 2024 kwamba inazihamishia seva zake kwenye prosesa za AMD. Mwezi huo huo Intel ikakiri kwamba maagizo yaliyomo ndani ya prosesa yalikuwa yanaomba volti kubwa kuliko inavyotakiwa. Agosti ikatoa marekebisho yanayojulikana kama 0x129. Septemba ikaeleza kwa undani zaidi kwamba saketi inayosambaza mapigo ya saa ndani ya kiini cha prosesa ilikuwa inachakaa kwa sababu ya volti na joto, ikaongeza marekebisho ya 0x12B. Dhamana ya prosesa zilizohusika ikasogezwa mbele kwa miaka miwili, ikawa miaka mitano badala ya mitatu.

Mafundi mlioko hapa, zingatieni jambo hili moja: marekebisho hayo huzuia uchakavu usiendelee, lakini hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo ikiletwa mezani kompyuta yenye Core i9-13900K au 14900K inayokufa kwenye gemu, kazi ya kwanza ni kuweka toleo jipya la BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, na kurudisha mipangilio ya umeme iliyopendekezwa na Intel. Hitilafu ikibaki, ipo njia rahisi ya kupima: punguza kizidishi cha kasi ya viini vikubwa kwa hatua mbili au tatu, kwa mfano kutoka 55 hadi 53 au 52. Gemu ikitulia kwa kasi ndogo na ikafa kwa kasi ya kiwandani, basi shaka imehama kutoka kwenye kadi ya michoro na kukaa kwenye prosesa, na safari ya kudai dhamana ianze. Kasi ya kiwandani ndiyo mteja aliyoilipia. Kumwambia aishi na kasi ndogo milele si matengenezo.

Kisa hiki kimepewa nafasi kubwa jioni hii kwa sababu kinawahusu wengi sana waliofanya kila kitu sawasawa. Walinunua vifaa halali, wakavifunga vizuri, wakasoma ujumbe, wakautii, na ujumbe ukawapeleka kusiko.

Hoja ya 2: Umeme huchunguzwa kabla ya kifaa kipya kulaumiwa

Namna kompyuta inavyokufa ni ushahidi. Ikizimika papo hapo, skrini nyeusi, feni kimya, au ikajiwasha upya bila neno lolote, shaka ya kwanza iende kwenye umeme. Skrini ya bluu ikitokea, mfumo ulipata nafasi ya kusema kitu kabla ya kufa, na shaka huelekea zaidi kwenye RAM, prosesa au draiva. Gemu ikijifunga na kukurudisha kwenye skrini ya mwanzo, huku Windows ikiendelea kama kawaida, hitilafu inaweza kuwa ndani ya gemu yenyewe, kwenye draiva, au kwenye kasi ya kadi. Huu ni mwongozo wa kuanzia tu, lakini huokoa saa nyingi.

Wengi hufungua Event Viewer ya Windows, wakaona maneno Kernel-Power na namba 41, wakatangaza kwamba pawa saplai imekufa. Namba 41 haisemi hivyo. Inasema tu kwamba kompyuta iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Ukichomoa waya ukutani, utaipata. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha kwa nguvu kompyuta ikiwa imeganda, utaipata pia. Rekodi yenye uzito mkubwa zaidi ni ile ya WHEA-Logger, kwa sababu hiyo huandikwa pale kifaa chenyewe kinaporipoti kosa la ndani.

Sasa hesabu. Kadi ya GTX 1060, iliyopendwa sana hapa kwetu, ilikuwa na kiwango cha wati 120. RTX 3060 ni wati 170, RTX 3080 ni wati 320, na RTX 4090 ni wati 450. Anayetoka kwenye GTX 1060 kwenda RTX 3080 huku pawa saplai ikiwa ileile ameongeza wati 200 juu ya mzigo wa zamani. Nvidia yenyewe ilipendekeza pawa saplai ya wati 750 kwa RTX 3080.

Tena wati hizo ni wastani. Kadi za kisasa huruka juu ya kiwango chake kwa vipande vidogo sana vya sekunde, na pawa saplai iliyo nzima kabisa inaweza kuona mruko huo kama hatari ikajizima ili kujilinda. Tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba kanuni za ATX 3.0, zilizotolewa mwaka 2022, ziliwataka watengenezaji wa pawa saplai za kadi hizo kubwa kuhakikisha zinahimili mruko wa hadi mara mbili ya kiwango cha pawa saplai yenyewe kwa mikrosekunde 100. Pawa saplai iliyotengenezwa kabla ya hapo haikujaribiwa kwa kipimo hicho. Haimaanishi ni mbovu, bali inaweza kuwa haikuandaliwa kwa kadi uliyoileta.

Kuna lebo pia. Mbele ya pawa saplai ya bei nafuu huandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini kadi na prosesa hula kwenye upande wa volti 12. Soma jedwali lililo ubavuni: ikiwa volti 12 imeandikiwa ampea 30, zidisha, utapata wati 360. Hizo ndizo za kuzitegemea, na hata hizo zinategemea uaminifu wa aliyeandika lebo.

Kisha njoo kwenye waya. Tundu la PCI Express la ubao mama hutoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 hutoa 75. Ya pini 8 hutoa 150. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipewe nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, isilishwe na waya mmoja uliogawanywa ncha mbili. Na hapa inafaa kusemwa kwa ukali: usichukue waya wa pawa saplai ya kampuni moja ukauchomeka kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine. Plagi zinaweza kufanana kwa nje huku mpangilio wa nyaya ndani ukiwa tofauti, na diski au ubao mama ukaungua kabla hujatoa mkono kwenye swichi. Wala pawa saplai yenyewe isifunguliwe na asiye na utaalamu. Kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Plagi mpya ya kadi kubwa, ile iliyotumika kwenye RTX 4090 ya Oktoba 2022, ilileta kisa chake. Ndani ya wiki chache wanunuzi kadhaa walionyesha picha za plagi zilizoyeyuka. Uchunguzi wa Gamers Nexus, chaneli ya kupima vifaa vya kompyuta, uligundua kwamba mara nyingi plagi ilikuwa haijaingia mpaka mwisho, jambo lililoongeza ukinzani na joto. Mwaka 2023 plagi hiyo ilifanyiwa marekebisho: pini ndogo za mawasiliano zilifupishwa ili kadi isipate ruhusa ya kuvuta umeme mkubwa kabla plagi haijakaa sawa. Anayeifunga leo asukume mpaka ikae, aangalie kwa tochi, na asiupinde waya karibu kabisa na plagi.

Kwa wanaoishi Afrika Mashariki kuna tabaka lingine. Umeme wa Tanzania umepangwa kuwa volti 230, wa Kenya volti 240, lakini kila aliyewahi kuona taa ikififia jirani anapowasha mashine ya kuchomelea anajua kwamba mpango na hali halisi hutofautiana. Wengi hujikinga kwa UPS, betri inayoshika zamu umeme ukikatika, lakini UPS ndogo ya VA 650 hutoa chini ya wati 400. Ukiiwekea kompyuta ya RTX 3080 pamoja na skrini, italia na kukata hata umeme wa ukutani ukiwa mzuri. Baadhi ya UPS za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na pawa saplai fulani za kisasa huzimika pale UPS inapochukua zamu. Mteja huona kompyuta imekufa katikati ya gemu, akalaumu kadi. Jaribio ni jepesi: iondoe UPS kwa muda, chomeka kompyuta kwenye soketi ya ukutani iliyo salama wakati umeme umetulia, cheza, uone.

Hoja ya 3: RAM husingizia wengine

RAM mbovu haina sauti yake. Leo italeta skrini ya bluu inayotaja kumbukumbu, kesho inayotaja draiva ya sauti, keshokutwa gemu itajifunga kimya. Ujumbe unaobadilika kila siku, wenyewe ni dalili.

Anayeongeza RAM hufanya moja ya mambo matatu yenye hatari. La kwanza ni kuchanganya: vipande viwili vya zamani na viwili vipya, vyenye GB sawa na kasi sawa kwenye karatasi, lakini chipu tofauti ndani. Vinaweza kuelewana, vinaweza kugoma. La pili ni kujaza matundu yote manne kwenye ubao wa DDR5. AMD yenyewe imeandika kwamba Ryzen 7000 inahakikishiwa kasi ya DDR5-5200 kwa vipande viwili, na DDR5-3600 tu kwa vinne. Mtu aliyetoka viwili kwenda vinne na kuacha kasi ileile, tuseme ya 6000, ameiomba kompyuta kitu ambacho mtengenezaji hakukiahidi.

La tatu ni kuwasha XMP au EXPO, mipangilio ya BIOS inayoipandisha RAM kwenye kasi ya boksi, bila kujua maana yake. Kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la RAM ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM, nayo hupita kasi ya kawaida ambayo prosesa imeahidi. Mara nyingi hufanya kazi vizuri. Lakini mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua, na ikaonekana kwamba mbao mama, EXPO ikiwashwa, zilikuwa zinapandisha volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayohudumia RAM, kupita kiasi. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Kwa hiyo kila penye kufa kusikoeleweka, jaribio la bei rahisi kuliko yote ni kuingia BIOS, kuzima XMP au EXPO, na kucheza gemu ileile. Kompyuta ikitulia, umepata njia ya kufuata bila kutumia hata shilingi.

Baada ya hapo RAM ipimwe kwa Memtest86+ au MemTest86 kutoka kwenye flashi, usiku kucha ikiwezekana. Kosa moja ni kosa. Hakuna idadi ndogo inayovumilika, kwa sababu RAM nzima haikosei hata mara moja katika kipimo hicho. Vipande vikiwa viwili na ubao una matundu manne, kwa kawaida vikae kwenye tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha ubao mama kinasema, na kinapaswa kusomwa.

Hoja ya 4: Draiva na kadi yenyewe

Hapa maelezo yawe mafupi. Windows huipa kadi ya michoro sekunde mbili kujibu. Ikikaa kimya zaidi ya hapo, huiwasha upya draiva, na ikishindikana hutokea skrini ya bluu yenye jina VIDEO_TDR_FAILURE. Mabaki ya draiva ya zamani yanaweza kuleta hali hiyo, hasa mtu anapohama kutoka AMD kwenda Nvidia au kinyume chake. Programu ya DDU, ikiendeshwa katika hali salama, huyaondoa yote, kisha draiva mpya huwekwa kutoka kwa mtengenezaji.

RTX 3080 ilipotoka Septemba 17, 2020, wanunuzi wengi wa mwanzo waliona gemu zikijifunga pale kadi ilipopanda kufikia takriban MHz 2,000. Nadharia ya kwanza iliyoenea ilizilaumu kapasita zilizo nyuma ya chipu, na EVGA, moja ya kampuni zilizouza kadi hizo, ilikiri kwamba ilibadilisha mpangilio wa kapasita kabla ya kuuza kwa wingi. Lakini Septemba 28 Nvidia ilitoa draiva ya 456.55, na hali ikaboreka kwa wengi bila kadi kuguswa. Kifaa na programu vilihusika pamoja, na waliokimbilia kurudisha kadi siku ya tatu walikimbia mapema.

Yapo pia mambo ya kimya: waya wa kurefusha tundu la kadi, uliotengenezwa kwa PCI Express 3.0, ukitumika na kadi ya 4.0 unaweza kuleta kufa kusikoeleweka mpaka BIOS ilazimishwe kushuka kwenye 3.0.

Hoja ya 5: Joto hulaumiwa kupita kiasi, ila mkono wa fundi hulaumiwa kidogo mno

Prosesa za leo hupunguza kasi zenyewe zinapofika kikomo. AMD iliiunda Ryzen 7000 ifanye kazi hata kwenye nyuzi 95. Prosesa nyingi za Intel huanza kujizuia kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo joto la prosesa kwa kawaida huleta gemu kusuasua kabla ya kuleta kifo. Joto linaloua hutokana na kazi iliyofanyika vibaya siku ya kubadilisha vifaa: plastiki ya kipoza joto haikubanduliwa, pesti haikuwekwa, skrubu moja kati ya nne imelegea, plagi ya pampu ya maji imesahauliwa.

Katika miji ya pwani kuna vumbi linaloshikana na unyevu wa chumvi, likaganda kwenye miguso ya tundu. Kabla ya kuihukumu kadi au RAM, itolewe, miguso ifutwe kwa spiriti safi isiyo na maji mengi, irudishwe mpaka klipu ilie. Idadi ya kompyuta zinazopona kwa hatua hiyo peke yake inatosha kuifanya iwe ya kwanza.

Kadi iliyotumika ina swali lake. Septemba 15, 2022 Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za michoro, na kadi nyingi zilizofanya kazi hiyo usiku na mchana zikaingia sokoni duniani kote. Baadhi zimefika kwetu. Si zote mbovu, lakini pesti yake imekauka, pedi za kumbukumbu zimechoka, feni zimezunguka muda mrefu sana. Mnunuzi asiiamini kadi hiyo kwa kuona picha kwenye skrini tu. Udhaifu hauonekani bila mzigo, kama ilivyodhihirika Julai 2021 wakati gemu ya New World, ikiwa bado kwenye majaribio, ilipoua baadhi ya kadi za RTX 3090. EVGA ilieleza baadaye kwamba kadi zake zilizokufa, kama ishirini na nne hivi, zilikuwa na ulehemu mbovu kutoka kiwandani. Menyu ya gemu hiyo ilikuwa inachora fremu bila kikomo, na mzigo huo ukaibua kasoro iliyokuwa imelala.

Hoja ya 6: Badilisha kitu kimoja, andika, kisha badilisha kingine

Wenye haraka hubadilisha draiva, BIOS, RAM na waya kwa wakati mmoja. Kompyuta ikipona hawajui imeponywa na nini; ikiendelea kufa hawajui nini hakihusiki. Hii ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika kazi hii, na haihitaji kifaa chochote kuirekebisha. Inahitaji daftari.

Andika saa iliyokufa, gemu, joto la prosesa na la kadi wakati huo, namna ilivyokufa, na kilichobadilishwa kabla yake. Kisha rudisha kifaa cha zamani, kama bado kipo. Kompyuta ikitulia na kifaa cha zamani, usiseme mara moja kwamba kipya ni kibovu: kadi ndogo ya zamani haiichoshi pawa saplai kama hii mpya. Kipimo cha haki ni kukipeleka kifaa kipya kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima. Kikifa na huko, hukumu imetolewa.

Programu za kupima husaidia kutenganisha mzigo. Prime95 huibana prosesa na RAM, FurMark huibana kadi, OCCT hupima kila kimoja peke yake au vyote kwa pamoja, pamoja na umeme. Kompyuta ikivuka Prime95 peke yake na FurMark peke yake, lakini ikazimika zote mbili zinapoendeshwa pamoja, pawa saplai imekuwa mshukiwa wa kwanza. Vipimo hivi visiachwe bila mtu kuangalia joto, hasa kwenye kadi iliyotumika.

Ndugu wasikilizaji, muda umekaribia, na kuna mambo ambayo yako mikononi mwa watu waliomo humu ukumbini. Vyuo vya ufundi vinafundisha kufunga kompyuta; viongeze kipindi cha kusoma rekodi za makosa na kutenga chanzo, na mwanafunzi apewe mashine yenye hitilafu iliyopandikizwa, aitafute mpaka aipate na aandike alivyoipata. Mafundi wampe mteja karatasi inayoonyesha kilichopimwa na matokeo yake, badala ya neno la mdomo kwamba kadi imekufa. Wauzaji wa kadi na prosesa zilizotumika, Kariakoo na kwingineko, waweke mezani kompyuta moja ya majaribio yenye pawa saplai ya kuaminika, na mnunuzi apewe nusu saa ya kuiona kadi ikifanya kazi chini ya mzigo kabla hajatoa pesa. Nanyi wanunuzi, iombeni hiyo nusu saa, na mkinyimwa, ondokeni na pesa yenu.